Nyonga ya Naibu Mwalimu Mkuu

Kwa miaka mingi nilikuwa naibu mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi huko Tetu, na kazi yangu kubwa, ukiacha kufundisha hesabu, ilikuwa kutowaamini watoto. Mtoto akisema tumbo linamuuma, nilimwambia auzunguke uwanja mara mbili litulie. Akichechemea, nilimuuliza kama mguu huo huchechemea pia kengele ya chakula ikilia. Nilijiona bingwa wa maumivu ya watu wengine.

Yangu yalikuja nikiwa nimestaafu na kuhamia Ruring'u, mjini Nyeri, na mke wangu. Yalikaa ubavuni mwa nyonga ya kulia, pale mfupa unapotokeza. Kupanda ngazi kuliuma. Kulalia ubavu huo kuliuma. Nikitaka kuvaa suruali, nilishikilia kabati kama mlevi. Mke wangu akasema twende hospitali. Nikamwambia ni uchovu wa shamba tu, naye akacheka, kwa sababu alijua shambani kazi yangu ni kusimama nikiwaelekeza wachumaji chai.

Habari ikafika kanisani, na kanisani kwetu kila mtu ni daktari. Mzee mmoja wa kanisa alisema ni baridi ya mlima imeingia kwenye mfupa. Mama mmoja wa kwaya alisema ninakosa supu ya miguu ya ng'ombe. Nilikunywa supu hiyo wiki tatu. Aliyenufaika ni tumbo peke yake.

Kisha akapiga simu shemeji yangu, kaka ya mke wangu, anayeuza mchele katika mji wa Kutus. "Mwalimu, wachana na hospitali. Hapa niko na mtu. Hiyo mfupa imetoka kidogo tu, yeye anarudisha."

Mtu huyo alikuwa na chumba nyuma ya duka la mbolea. Hakuniuliza swali hata moja. Alinilaza kwa ubavu kwenye benchi, akaweka kiwiko palepale panapouma, akaegemea kwa uzito wake wote, na uzito haukuwa haba. Nikapiga yowe.

"Umesikia? Ati imeingia!" shemeji akashangilia.

Mimi nilichosikia ni benchi likilia. Nilirudishwa Nyeri nikiwa nimelala kiti cha nyuma cha gari lake, na kwa siku nne sikufika hata langoni. Shemeji alieleza kwa simu kwamba hiyo ndiyo dalili ya kupona.

Safari hii mke wangu hakuomba ruhusa. Alinipeleka kwa daktari, ambaye alitazama picha ya eksirei, akasema kiungo chenyewe ni kizima, akatutuma kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Mlangoni tulipokewa na mwanamke aliyevaa sare ya bluu.

"Karibu, Mwalimu. Umenisahau?"

Nilikuwa nimemsahau.

"Ulinifundisha darasa la saba. Niliteguka kifundo cha mguu, ukaniambia nikimbie ndio kipate joto."

Mke wangu akaanza kusoma kwa makini bango la ukutani kuhusu kunawa mikono.

Nilitarajia kisasi. Nilipata kitu kibaya zaidi: aliniamini. Aliniuliza ninalalaje, ninaketije, ninatembea wapi. Akanisimamisha kwa mguu wa kulia, na baada ya sekunde chache maumivu yakafika. Akagusa mahali hapo kwa kidole, taratibu.

"Hakuna mfupa uliotoka. Nyonga ikitoka, Mwalimu, mtu analetwa kwa machela. Kinachouma ni kano, zile kamba zinazoshika misuli ya makalio kwenye huu mfupa. Misuli imelegea, sasa kano zinabeba mzigo usio wake. Halafu yule wa Kutus akazikandamiza."

"Kwa hivyo nipumzike?"

"Umepumzika ya kutosha. Ndio maana imelegea."

Alinikataza kukunja nne, mkao ninaouketia kanisani kwa heshima yangu. Alinikataza kusimama nikiegemea mguu mmoja, nilivyosimama mbele ya gwaride miaka yote. Nilale na mto katikati ya magoti. Na bakora niliyokuwa nikitembelea niihamishie mkono wa kushoto. Nikabisha kwamba panapouma ni kulia.

"Inashikwa upande usiouma, ndio ipunguzie nyonga mzigo. Nani alikufundisha vingine?"

Nikaihamisha, mimi niliyefundisha mizani kwa miaka thelathini.

Mazoezi yalikuwa ya aibu. Mtu mzima analala chali na kuinua makalio huku mwanafunzi wake akihesabu. "Saba. Nane. Hiyo ya nane rudia."

"Inauma," nikasema, nikangoja nitukanwe.

"Kati ya sifuri na kumi, ni ngapi?"

"Tatu."

"Tatu tunaivumilia. Ikipita tano, au kesho asubuhi ikiamka mbaya kuliko leo, tunapunguza."

Miaka yote shuleni sikuwahi kumuuliza mtoto swali hilo.

Wiki ya tatu nilimdanganya kwamba nimefanya mazoezi ya nyumbani. Akaniomba nimwonyeshe. Niliinua mguu wa kushoto, ule mzima.

Siku moja, nikiwa chali pale, nilijaribu kuomba msamaha. "Kile kifundo chako..."

"Kilipona, Mwalimu. Nyanya yangu alinifunga kitambaa nikakaa nyumbani wiki mbili. Inua makalio."

Ilichukua karibu miezi mitano, si siku tano kama nilivyowatangazia watu kanisani. Sasa napanda ngazi bila kushika ukuta, na Jumamosi nateremka shambani Tetu hadi kwenye mifereji ya maji iliyo chini ya michai na kurudi. Ibada ikirefuka nyonga hunung'unika kidogo, nami hunyanyuka na kusimama nyuma, miguu yote miwili chini. Mazoezi nafanya bado, mara tatu kwa wiki, sebuleni, mlango nimeufunga kwa ufunguo.