Dada Edina Aenda Kujaribu Dawa Mbili

Mimi ni mtu wa kukaa. Wenzangu wa kijijini Msangano wanasema nikifika sokoni Tunduma naanza kuulizia gari la kurudi kabla sijanunua nilichofuata. Basi mjue nilitolewa nyumbani na jambo zito. Dada yangu Edina alikuwa na saratani ya damu, dawa zote alizopewa zilikuwa zimeshindwa, na daktari wake wa Mbeya akapata habari kwamba Johannesburg wanajaribu dawa mpya mbili kwa pamoja. Mgonjwa aje na ndugu wa damu. Mama alikuwa hawezi safari. Nikabaki mimi na kidato cha nne changu.

Alfajiri tulivuka mpaka kwa miguu hadi Nakonde, tukapanda basi. Dada alikuwa amekonda, kitenge kinamzunguka, lakini aliyetapika ni mimi. Kufika Lusaka abiria walikuwa wananipa pole, naye dada anawaambia, “Ndiyo, namsindikiza kutibiwa.”

Johannesburg tulilala kwa binamu yetu Yaredi, muuza viatu. Asubuhi, hospitalini, nesi alisoma pasi zetu akakunja uso. Huyu Simfukwe, huyu Namfukwe, undugu uko wapi? Nilijitahidi kueleza kwa Kiingereza kwamba kwetu Wanamwanga mwanamume ni Si, mwanamke ni Na, ukoo ni uleule. Sijui nilisema nini, maana aliandika kitu akakifuta. Dada akamwonyesha masikio yangu, kisha yake. Nesi akacheka, tukapita.

Daktari, mama mmoja mpole, alieleza nami nikatafsiri. Kingamwili ni vitu ambavyo mwili hutengeneza ili kuukamata ugonjwa. Dawa hizi ni kingamwili zilizotengenezwa maabara, aina mbili, na kila moja inaishika seli mbovu mahali pake. Ikitumika moja, ugonjwa huponyoka. Zikiwa pamoja, bado hawajui. Zinaweza kumsaidia, zinaweza kumdhuru, na ana ruhusa ya kuacha hata katikati.

Nikaanza kujibu kwamba tumekubali, tumetoka mbali. Dada akanishika mkono.

“We tulia. Muulize, nikifa, watajua kwa nini?”

Daktari akasema hawezi kuahidi, ila watajua zaidi ya wanavyojua leo.

“Basi ng'ombe mkaidi ndivyo anavyokamatwa, mmoja pembe, mwingine mkia. Mwambie nimekubali. Mwambie nimekubali mimi, siyo wewe.”

Nilitafsiri yote, na hilo la mwisho pia. Sijawahi kuona fahari kunyamazishwa namna ile.

Dripu ya kwanza ilimtetemesha hadi kitanda kikalia. Nesi akapunguza kasi, dada akasema endeleeni. Wiki zikapita, Yaredi akinitembeza mjini nami nikiomba turudi. Kisha daktari akatuita: seli mbovu zimepungua sana. Tusiseme amepona, alituonya.

Kurudi, dada alivuka mpaka akibeba begi lake mwenyewe. Akina mama wa Tunduma walipomuuliza kama amepona, akajibu kwamba dawa zinajaribiwa, naye anajaribu.

Nilichojifunza ni kwamba nilidhani nampeleka mgonjwa, kumbe nilifuata mtu anayejua aendako. Siku ya kurudi kliniki Johannesburg ilipokaribia nilikuwa nimeshapiga pasi suruali.

“Baki nyumbani, mdogo wangu,” akasema. “Daktari kaniruhusu niende peke yangu. Safari hii nataka kulala, si kuuguza mtu.”

Nilisimama Nakonde hadi vumbi la basi likatua, nikimwambia kila aliyepita: yule ni dada yangu.