Mama Pasi Hakuvuka

Mama Pasi alikuwa na pua kali. Ile kazi ya kunyoosha mashuka hotelini ilimfundisha kunusa kitambaa na kujua aliyekilalia alikuwa na homa au alikuwa na mgeni, na akishanusa anakunja uso tu na kunyunyiza maji. Basi shemeji yake, mdogo wa mumewe, alipomwekea pasipoti mpya juu ya meza ya kunyooshea, uso ulikunjika vilevile.

"Shemeji, nimekuhangaikia," alisema, kifua mbele. "Nina mtu wangu ubalozini. Wiki hii unapanda ndege, unamwona mama yako mgonjwa."

Ubalozi wa nani? Wa walewale. Nembo iliyong'aa juu ya jalada ndiyo iliyokuwa kwenye kofia za watu waliomtoa mumewe kitandani na hawajamrudisha mpaka leo. Na picha yake mwenyewe imo humo ndani, imegongwa muhuri wao. Aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayemtupa panya aliyekufa, akamrudishia.

Shemeji hakuwa mtu mbaya, alikuwa mjinga, na ujinga huo umewaponza wengi wa kwao: wanadhani pasipoti ni pasipoti. Kumbe aliyepewa hifadhi akisafiri kwa pasipoti ya serikali aliyoikimbia, ni sawa na kusema haiogopi tena. Akirudi ataulizwa, sasa hifadhi ya nini? Na Mama Pasi alikuwa na watoto huku alikopewa hifadhi. Njia yake ilikuwa moja: aombe hati ya kusafiria ya mkimbizi, aipate kabla hajaondoka, na kwao asikanyage.

Lakini mama yake alikuwa anakufa. Ikabidi kaka yake Mama Pasi, aliyebaki kwao, amlaze mgonjwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, amvushe mpaka, amtafutie kitanda katika hospitali ya nchi jirani, ili binti apate pa kumwonea. Bibi kizee wa watu, mifupa mitupu, anarushwarushwa barabarani kama gunia la mkaa kwa ajili ya karatasi. Jamani, inatia kichefuchefu, na wala sioni haya kusema.

Hati ilichelewa mpaka machozi yakamkauka. Alipofika, mama hakuweza kusema tena, ila alimjua. Binti alimwogesha, akamsuka nywele chache zilizobaki, akamtandikia shuka bila kunusa chochote. Mama alikata roho mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye.

Marehemu alikuwa ameacha neno azikwe kando ya mumewe, nyumbani. Gari lililobeba jeneza likafika mpakani, likasimama mbele ya kizuizi.

"Panda, dada," kaka yake alisema. "Tunazika, jioni tunarudi. Nani atajua?"

Mama Pasi alikwisha kushika mlango wa gari. Ng'ambo ya kizuizi askari mwenye kofia yenye nembo ile alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anachokonoa meno. Akawakumbuka watoto, akauachia mlango.

"Nendeni," alisema. "Mwambie baba nilifika mpaka hapa."

Kizuizi kikainuliwa, gari likapita, kikashushwa. Alibaki amesimama palepale, anatazama vumbi, mpaka yule askari akamaliza meno yake na kuingia ndani.

Kwenye uwanja wa ndege aliporudi, ofisa wa uhamiaji, kijana anayenukia manukato ya bei, alipekua hati ile ukurasa kwa ukurasa.

"Mbona ulikwenda karibu hivyo na nchi unayoiogopa?"

"Mama yangu amefariki."

"Amezikwa wapi?"

"Kwetu."

"Na wewe ulivuka kwenda kumzika?"

"Hapana. Sikumzika mama yangu."

"Vizuri," alisema ofisa, akagonga muhuri.

Mama Pasi aliipokea hati yake kwa ncha za vidole, akapita.