Nilipokuwa Mtihani wa Chuo cha Wanawake

Juzi nimerudi Tunduma kutoka Itumba, kwetu Ileje, nikiwa na kandambili mbili, zote za mguu wa kushoto. Usicheke kwanza, rafiki yangu, ngoja nimalize. Mke wangu alinituma nikafuate mbegu ya maharage, na mimi ni mtu ambaye hata kwenda sokoni huwa naaga. Nikaelekezwa ghala moja kule mlimani, nyuma ya kanisa la zamani. Nilipofika mlangoni, bila kufikiri, nikavua viatu, nikavipanga visigino vikigusa ukuta, nikaingia pekupeku juu ya vumbi la mbolea. Wapakizi wakanitazama kama wanavyotazama mgonjwa. Nilipotoka na gunia langu, viatu vilikuwa vimeshapata mwenyewe mwingine, na wapakizi wakaniokotea hizo kandambili mbili.

Kosa ni langu, sina wa kumlaumu. Lakini miguu yangu iliitambua ile nyumba kabla ya kichwa.

Kabla ya mbolea, ile ilikuwa nyumba ya mazoezi ya chuo cha wanawake cha kanisa letu. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa akisimulia kwamba chuo kilianzia jikoni, kwa wanawake wachache waliosomeana Biblia huku wakimenya ndizi. Wazee wa kanisa wakanung'unika kwamba binti akijua kusoma, ataanza kusoma barua zisizomhusu. Wanawake wakaendelea kumenya na kusoma, kisha wakafyatua matofali wenyewe. Mimi nilipopata akili, chuo kilikuwa na mabweni, bustani ya kabichi, na cherehani zilizonguruma mchana kutwa kama mvua juu ya bati. Ukipita nje ya ua ulinusa sabuni ya mche, mkaa wa pasi na, Jumamosi, maandazi. Ndani walifundishwa Biblia, kushona, kulima, afya ya mtoto, na namna ya kufundisha watoto wadogo.

Mkuu wa chuo tulimwita Mama Mkuu. Mtu akimsifu kwamba anaandaa wake wema, alikuwa akijibu, "Sifundishi wake za watu. Nafundisha watu." Sisi watoto wa kijijini alituambia jingine: "Mungu anakusikia hata ukiwa na kucha chafu. Mimi sikusikii."

Sasa, mtihani wa mwisho ulikuwa hivi. Kila mwanafunzi aliyekaribia kumaliza alikaa wiki mbili katika nyumba ya mazoezi na mtoto wa kuazima kutoka kijijini. Amlishe, amwogeshe, amfundishe kusali na kuhesabu, amrudishe kwao salama. Mtoto akitoroka, mwanafunzi ameanguka. Mwaka mmoja, kabla sijaanza shule, bibi aliwaazimisha mimi, na alifanya hivyo kwa moyo mweupe kupita kiasi. Alinifunga vifungo vya shati, akawaambia, "Huyu anakula. Msije mkasema hamkuambiwa."

Kwa hiyo mitihani yangu mwenyewe haikunipenda, kidato cha nne tuliachana kwa amani, lakini niliwahi kuwa mtihani wa mtu.

Mwanafunzi niliyepewa nilimwita dada mlezi. Alitoka upande wa Chitete, kwenye joto, akawa anatetemeka kwa baridi yetu ya Ileje ndani ya sweta mbili. Kiswahili chake kilikuwa na wimbo wa Kinamwanga na changu cha Kindali, tukawa tunamalizia kwa mikono. Alikuwa mtu mzima kuliko wenzake. Akina mama kisimani walisema aliolewa, akakaa bila kupata mtoto, akarudishwa kwa kaka yake. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kuuliza mbele za watu, "Asiyezaa atafundishwa malezi ya nini?" Akifaulu, kanisa la kwao lilimngoja aanzishe shule ya watoto wadogo. Akianguka, anarudi kukoka moto kwa wifi yake. Mzigo wote huo ulikuwa juu ya mabega yangu, na mimi nawaza maandazi.

Nyumba ilikuwa nzuri, sitakudanganya. Sakafu ya saruji ilipakwa nta nyekundu na kusuguliwa hadi unaona meno yako. Sheria ya kwanza: viatu nje, visigino ukutani. Nililala kitandani peke yangu, shuka zinanukia jua, asubuhi uji wa ulezi wenye maziwa. Tatizo lilikuwa dirisha. Jioni ukungu ukiachia kidogo, ng'ambo ya bonde niliona moshi wa jiko la bibi. Mwingine angeona moshi. Mimi niliona magimbi yanachomwa bila mimi.

Wiki ya kwanza haijaisha, dada mlezi akiwa anaanua nguo, nikavaa viatu, nikashuka bondeni, nikapanda upande wa pili. Bibi aliporudi jikoni alinikuta kwenye kigoda changu, gimbi mkononi.

"We mtoto, unajua umemfanya nini mwenzio?"

Sikujua. Nilimwomba chumvi.

Giza linaingia, dada mlezi akatokea mlangoni na beseni kichwani. Ndani yake mlikuwa na shuka langu, taulo, mswaki na sabuni. Hakunigombeza. Alipiga magoti akamsalimu bibi, kisha akasema kwa ule wimbo wake, "Mama, mtoto amehamia huku. Na mimi nimehamia."

Bibi akamtazama. "Huku kuna moshi."

"Niliuona tangu kule."

Basi mtihani ukaendelea jikoni kwa bibi. Aliniogesha, alinihesabisha kwa punje za maharage, tukasali huku jivu likituingia puani. Halafu akachimba udongo mwekundu, akauchanganya na samadi, akaisiriba sakafu nzima na kuisugua kwa jiwe hadi ikang'aa. Bibi akalalamika kwamba sasa anaogopa kutema mate nyumbani kwake mwenyewe. Mama Mkuu alikuwa ameshapelekewa habari.

Alikuja siku ya mwisho, na yule mzee wa kanisa nyuma yake.

"Sheria ni sheria," mzee akaanza tangu uani. "Mtoto alitoroka."

Mama Mkuu alisimama mlangoni akaitazama ile sakafu. Kisha akainama, akafungua kamba za viatu vyake vyeusi, akavipanga, visigino ukutani. Hatukuwa tumewahi kuona mtu akivua viatu kuingia jiko la moshi. Akaniambia nionyeshe kucha. Nikaonyesha. Ndipo akamgeukia mzee.

"Vua, baba. Unaingia darasani."

Mzee akavua. Soksi yake ilikuwa imelitoa dole gumba nje kusalimia. Nyuma ya jiko nilimwona dada mlezi akijifuta uso kwa ncha ya khanga, akisingizia moshi.

Chuo hakikufungwa na mtu, kilipungua tu. Sekondari za kata zilikuja, mabinti wakaenda huko, na ni vyema. Cherehani zikaondoka mojamoja, Mama Mkuu akastaafu, bibi akatutoka. Juzi, kati ya magunia, nilisugua vumbi kwa kidole cha mguu, na chini yake wekundu bado upo. Mimi nimebaki na tabia. Mke wangu anavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta riziki, mimi napika, napiga pasi, nashona vifungo, na sakafu yangu ina nta nyekundu. Mtaani wananitania, lakini mlangoni wote wanavua.

Jirani yangu, mama muuza vitenge aliyetoka Tanga, anavua bila kuambiwa, kwa sababu anakuja kunywa chai yangu ya tangawizi. Jana jioni nilimsimulia haya yote. Akauliza dada mlezi yuko wapi. Nikamwambia yupo kulekule Chitete, nasikia shule yake ingalipo, hata wenye ndevu wanamwita mama. Akauliza nimekwenda lini kumsalimia. Nikaanza kumweleza habari za ile barabara: masika matope, kiangazi vumbi, na sasa viatu vyenyewe sina.

Jirani akaweka kikombe chini. "Wee baba, hebu nyamaza. Mwenzio alivuka bonde na beseni kichwani kukufuata wewe, na wala hukuwa mwanawe. Viatu vya mume wangu viko mlangoni kwangu, miguu yenu ni saizi moja. Vaa uende."