Kuku Aliyewika Juu ya Tembe

Nilikuwa na miaka tisa, na jambo la mwisho la kawaida ninalolikumbuka kabla ya kuku kuwika ni mama kunikanya nisimwage maji karibu na mlango. Alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini, siku ya tatu tangu ajifungue, mdogo wangu wa kike amelala mapajani mwake. Bibi, mama yake baba, alikuwa anapepeta uwele. Ilikuwa kama saa tatu asubuhi. Ndipo kuku jike mweusi, mwenye madoa meupe shingoni, akaruka juu ya paa bapa la udongo la tembe letu, akanyoosha shingo na kuwika kama jogoo. Aliwika mara moja tu, tena vibaya, kama mtu anayejaribu wimbo wa lugha asiyoijua.

Bibi aliacha kupepeta.

Kwetu Unyambwa, siku hizo mji ulipokuwa bado haujatufikia, kila mtoto alijua maana yake. Kuku jike akiwika huchinjwa siku ileile, kabla jua halijazama. Asipochinjwa, atamchukua aliye mdogo kuliko wote ndani ya nyumba. Leo najua kwamba kuku jike anaweza kuwika kwa sababu za mwili wake mwenyewe, na ningeweza kuzieleza darasani. Siku ile sikujua sababu yoyote. Nilimtazama mtoto.

Lazima niseme jambo moja kuhusu kuku huyo, kwa kuwa bila hilo mengine hayaeleweki. Mwaka ule ugonjwa wa kideri ulikuwa umepita na kumaliza karibu kuku wote wa kijiji. Sisi tulibakiwa na wawili, na bibi aliwatenga kwa ajili ya uzazi wa mama. Mzazi kwetu hunywa supu ya kuku. Ndiyo inayomrudishia damu na kuleta maziwa. Wa kwanza alichinjwa siku mtoto alipozaliwa. Wa pili alikuwa achinjwe jioni ya siku hiyohiyo aliyowika. Bibi alikuwa amekwisha kuteka maji ya kumnyonyolea.

Baba aliporudi kutoka shambani alikuta habari imemtangulia. Majirani wawili walikuwa wamesimama uani, wakijifanya wamekuja kumwona mtoto. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwa mtu mkali kwa asili. Nakumbuka akinibeba mabegani kwenda mnadani. Lakini alikuwa amekulia katika nyumba ya miiko: usihesabu ng'ombe, usiruke jembe, usimwite mtu kwa jina gizani. Alipobatizwa ukubwani aliitoka nyumba hiyo kwa furaha ya mfungwa aliyefunguliwa, na aliapa kwamba hakuna hata mwiko mmoja utakaoingia kwake. Aliwatazama wale majirani, akasema kuku hatachinjwa.

"Mwanangu, huyo ni wa supu tangu juzi," bibi alimwambia. "Mchinje kwa ajili ya supu. Mambo ya kuwika mimi nitayanyamazia."

"Juzi alikuwa kuku, mama," baba akasema. "Leo ni ushuhuda."

Kisha akaweka sheria. Atakayemgusa kuku yule, awe mke au mama mzazi, yeye mwenyewe angempeleka mbele ya baraza la wazee, atengwe na Meza ya Bwana. Majirani waliondoka wakiwa wameridhika. Walikuwa wamepata cha kusimulia.

Jumapili iliyofuata baba alimfunga kuku kamba mguuni, akamchukua kwapani hadi kanisani. Mimi nilikuwepo. Alimwinua mbele ya watu wote akasema huyu ndiye wanayesema atatuua, na tazameni, tuko hai. Kwaya iliimba. Mtu mmoja nyuma alisema kuku amenenepa, watu wakacheka. Niliona fahari ambayo hadi leo naikumbuka kifuani kama joto.

Tuliporudi, mama alikuwa anakula ugali wa uwele na mlenda, chakula chetu cha kila siku. Alimtazama kuku akifunguliwa kamba.

"Mwenzangu kuku amefika ibadani kabla ya mtoto wangu," alimwambia bibi. "Wala hakutoa sadaka."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Baba hakucheka. Alisema maneno ya namna hiyo ndiyo mlango wa kurudi nyuma.

Katika juma la pili maziwa ya mama yalipungua. Mtoto alilia kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa na nguvu ya kuudhi mtu. Bibi alizunguka kutafuta kuku wa kununua akarudi mikono mitupu. Waliokuwa na vifaranga walikuwa wanavitunza kama macho yao. Kazi ya kumlinda kuku ilikuwa yangu. Baba alinipa kwa sababu nilikuwa mwaminifu. Nilikuwa naongoza katika darasa la Jumapili, Amri zote nilizijua kwa moyo pamoja na maelezo yake.

Adhuhuri moja mama aliniita ndani. Kisu kilikuwa mkekani kando yake.

"Mchinje wewe," alisema. "Wewe ni mtoto. Hakuna baraza litakalokuita."

Nilimwambia kwamba Amri inasema tuwaheshimu wazazi.

"Na mimi ni nani?"

Nilifikiri kidogo, nikasema baba ndiye aliyesema kwanza. Mama hakunikasirikia. Alisogeza kisu chini ya mkeka, akamgeuza mtoto upande wa pili, akanambia niende zangu nikacheze. Sikwenda kucheza. Nilirudi kulinda kuku.

Mtoto alikufa siku ya kumi na tisa. Mganga wa zahanati alisema ni nimonia. Kijiji kilisema ni kuku. Baba alisema ni jaribu la imani, na alisema hivyo kwa sauti kubwa mara nyingi mno, nikagundua hata kwa akili ya miaka tisa kwamba alikuwa anajisemea mwenyewe. Bibi, ambaye hofu yake ilikuwa imetimia, hakusema lolote. Kwa muda mrefu nilidhani alinyamaza kwa huruma. Sasa nadhani ilikuwa aibu, kwa kuwa yeye pia aliogopa baraza.

Sijui kama supu ingemwokoa. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba sijui. Najua tu kwamba mama alikuwa na njaa, kuku alikuwepo, na katikati yao tulisimama baba na mimi.

Mchungaji alikuja kuzika. Alikuwa mtu mfupi, mchovu, mwenye sharika nyingi na baiskeli moja. Baada ya maziko aliketi uani na wazee wengine, na baba akamweleza habari ya kuku tangu mwanzo, jinsi alivyosimama imara. Nadhani alitaka kufarijiwa. Mchungaji alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kuku yuko wapi, nikamwonyesha.

"Mzee," alisema, "ungemchinja siku ileile, mkamla, mkamshukuru Mungu. Kuku ni kuku tu."

Baba alisema watu wangesema amefuata mila.

"Wangesema," mchungaji akakubali. "Na mama mtoto angekuwa ameshiba."

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali, huenda baba angeweza kujitetea. Aliagiza kuku achinjwe na mama apelekewe supu, na bibi akafanya hivyo upesi. Mimi ndiye niliyebeba bakuli. Mama alilitazama, akalisukuma kwa kidole kimoja.

"Wapelekee wenyewe," alisema. "Mimi nilimtaka alipokuwa kuku."

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akapika kuku wengi kwa ajili ya wachungaji wengi, lakini sikumwona akila. Baba aliendelea kuwa mzee wa kanisa. Hakuwa amemwamini yule kuku hata kidogo. Ninalitamka hilo kwa haki. Lakini kwa siku kumi na sita kuku ndiye aliyetawala nyumba yetu. Aliyechinja kwa kuogopa mwiko na aliyekataa kuchinja kwa kuogopa kuonekana anaogopa mwiko walikuwa watumishi wa bwana mmoja. Baba alitoka katika nyumba ya miiko akajijengea nyingine ng'ambo ya njia, akaiita imani.

Nilifikia maneno haya nikiwa chuo kikuu, na niliyaona kuwa mazuri. Nilimsimulia Naomi kisa hiki chote kabla hatujaoana. Alicheka kwenye habari ya sadaka, kama bibi. Halafu akauliza, "Leo ungemchinja?" Nikasema bila shaka ningemchinja. Nilisema bila kufikiri.

Naomi alifariki mwaka huu, baada ya ugonjwa uliochukua miezi saba. Katika juma la mwisho, akiwa amelazwa hospitalini, kikundi chetu cha maombi kilitangaza mfungo wa siku tatu kwa ajili yake. Ni watu wema, wamekesha nasi, wamefua nguo zetu. Kiongozi wao alisema mgonjwa naye afunge kama ana imani, kuanzia alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni. Muuguzi alikuwa amesema apewe chakula kidogokidogo kila anapokitaka. Naomi alikubali kufunga. Alikuwa na tabia ya kuwakubalia watu waliompenda.

Siku ya pili, saa tisa mchana, alifungua macho akaomba uji.

Uji ulikuwepo, kwenye chupa, chini ya kitanda. Kiongozi wa kikundi alikuwa ameketi upande wa pili, Biblia mkononi, na hakusema kitu. Ninataka hilo lieleweke. Hakunikataza mtu. Nilitazama saa, nikamwambia mke wangu, "Vumilia kidogo, zimebaki saa tatu."

Sikuamini kwamba Mungu angemwacha kwa sababu ya kikombe cha uji. Niliamini jambo dogo na la hovyo zaidi: kwamba akifa, watasema ni uji, watasema ni mimi niliyevunja. Naomi alinitazama. Alikuwa anajua kisa chote cha kuku, na hakunikumbusha. Saa kumi na mbili nilipoinua kikombe, hakuweza tena kumeza. Alikata roho saa mbili usiku.

Wamekuja wengi kunifariji, na baadhi wameniambia kwa upole kwamba alikufa akiwa katika mfungo, kwamba ni kifo cha heri. Ninawashukuru. Mara mbili maishani mwangu mwanamke niliyempenda ameniomba chakula, na mara zote mbili nilikuwa mtiifu. Ya kwanza naweza kujisamehe. Nilikuwa na miaka tisa. Kuhusu ya pili sina umri wa kujifichia. Nilihubiriwa tangu utoto kwamba mwenye haki ataishi kwa imani, na ningeweza kuandika insha nzuri juu ya mstari huo. Kuishi kwa imani pale kulikuwa ni kufungua kifuniko cha chupa.

Usiku ule aliofariki sikulala. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ndugu hawajaanza kufika, nilikoroga uji wa uwele na karanga, nikaujaza kwenye chupa, nikarudi hospitalini. Kitanda cha Naomi kilikuwa kimetandikwa upya. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja mzee kutoka Mitundu, ambaye mwanawe aliyekuwa akimuuguza alikuwa amerudi nyumbani kwa siku mbili. Nilimwamkia.

"Marahaba," alisema. "Wako si ametutoka jana?"

"Ametutoka, mama."

"Sasa huo uji wa nani?"

Nikamwambia ni wake, kama atapenda. Alinitazama, maana alikuwa ameyaona yote ya jana yake.

"Hata sijasali," alisema.

"Kunywa kwanza."

Nilimshikia kikombe mpaka akamaliza.