Ubeti wa Masran

Kila mara basi lilipokaribia ile shule ya zamani ya Kiingereza, Baba Mdogo Masran alifungua gazeti akajifunika uso. Hata shule ilipohamishwa na pale pakajengwa maduka ya ghorofa, aliendelea kulifungua, na kulikunja basi likishapita.

Baba yangu, Junid, ndiye aliyesoma pale. Babu alikuwa karani wa mizigo katika bandari ya Singapuri, na kama wengi wa wakati wake aliwagawa wanawe: mkubwa akampeleka kwenye Kiingereza, mdogo kwenye shule ya Kimalei. "Mmoja aseme na bandari, mmoja aseme na sisi," alisema. Bandari ikamsikia baba. Akawa mkuu wa idara, akapata nyumba yenye bustani. Baba Mdogo akawa mwalimu mpaka shule yake ilipokosa wanafunzi ikafungwa. Akamalizia kazi kwenye ghala la kamba na rangi za meli.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba alikuwa amesoma habari za yule Mwingereza aliyeanzisha mji na shule ile, yule wa sanamu nyeupe aliyekunja mikono kando ya mto. Shule aliyoiwaza ilikuwa ya watoto wa wenyeji, na Kimalei kilikuwa kifundishwe humo.

"Karamu ilipikwa kwa ajili yetu," Baba Mdogo aliniambia mara nyingi. "Baba yako akala. Mimi nikanusishwa."

Mwaka mmoja shule ilimwalika baba akahutubie juu ya ndoto hiyo ya mwanzilishi, tena kwa Kimalei. Kimalei cha baba kilikuwa kimebaki cha kuagizia chakula. Nilimsindikiza hadi kwa ndugu yake, amebeba keki ya matabaka.

"Masran, nisaidie. Lugha unayo wewe."

"Leo imekuwa mali?" Baba Mdogo hakuitazama keki. "Miaka yote ilikuwa mzigo."

"Mwandikie bwana," mkewe Kalthum akasema kutoka jikoni. "Unajivuta kama bibi harusi."

"Na jina langu utalitaja?"

"Nitalitaja mwishoni, baada ya ubeti."

Kwetu hotuba isiyofungwa kwa ubeti haijafungwa, na ubeti husemwa kwa kichwa. Baba Mdogo aliandika hotuba, ubeti akautunga palepale, akamkaririsha kaka yake kama mtoto wa darasa la kwanza:

*Meli zaja toka mbali,*
*mtoni zatia nanga;*
*lugha ngeni ni asali,*
*ya mama huwasha mwanga.*

Siku yenyewe alikaa karibu nami, na kofia yake nyeusi ya sikukuu kichwani. Baba alisoma vizuri. Watu wakaitikia kwa vichwa, wengine wakapiga makofi, na Baba Mdogo akaniinamia.

"Unasikia?" akaninong'oneza. "Maneno yangu, makofi yake."

Baba akakunja karatasi, akainua kichwa. "Meli zaja toka mbali," akasema, "mtoni zatia nanga." Akanyamaza. Akarudia mstari wa pili. Akanyamaza tena.

Si aibu kwetu mtu aliyekaa kumalizia ubeti wa aliyesimama. Watu hata hufurahi. Nilimgeukia Baba Mdogo. "Mmalizie," nikamwambia. Alikuwa akitazama feni za dari, amefunga midomo kama mtu aliyezuia maji mdomoni. Baba akatabasamu, akashukuru kwa Kiingereza, akashuka. Jina halikutajwa.

Nje baba alimshika ndugu yake mkono. "Nisamehe, Masran. Nilichanganyikiwa, hata jina lako likanipotea."

"Uzee, kaka," Baba Mdogo akamjibu kwa upole.

Nimefundisha miaka mingi na nimeona wivu wa kila namna madarasani, wa alama, wa viatu, wa mama wa mwenzio. Huo wa siku ile sikuuelewa. Nilidhani labda kweli Baba Mdogo aliusahau ubeti, maana naye alikuwa mzee.

Baba Mdogo alipolazwa hospitali mara ya mwisho, baba alikwenda kumwona asubuhi, mimi jioni baada ya kazi. Nilimnywesha chai kwa kijiko. Nikamuuliza kama siku ile ubeti ulimpotea na yeye.

"Unipotee mimi?" akasema. "Niliutunga mwenyewe. Jina langu lilikuwa linakuja nyuma yake, nilijua. Nikaona, mwanangu, afadhali tukose wote wawili."