Siku Msitu Ulipowaka, Nikabaki Peke Yangu

Siku msitu ulipowaka, watu ambao hata salamu yangu hawakuwa wakiitikia walikuja mbio na matawi mabichi mikononi.

Mimi ni askari wa misitu. Naishi kwenye kibanda cha bati karibu na geti kuu la msitu. Mke wangu alijaribu kukaa pale, ukimya ukamshinda, akarudi kwao.

Kijijini waliniita Serikali. Nikiingia dukani kununua sabuni, maongezi yanakatika. Siwalaumu. Nimewanyang'anya mkaa wengi.

Aliyekuwa akinitembelea ni bosi wangu tu. Kila Jumapili analeta chakula cha moto, tunapiga stori mpaka jua linazama. Aliniita mdogo wangu. Akiondoka, nilibaki nakiangalia kiti chake.

Alinionya jambo moja: bondeni nisikanyage, kuna nyati wakali.

Moshi ulianzia huko huko bondeni, mchana kweupe. Nikapiga simu ofisini, nikaambiwa gari bovu. Nikakata tawi, nikaenda mwenyewe.

Moto ulikuwa umenizidi niliposikia sauti. Kijiji kizima. Mbele yao mama mmoja mfuga nyuki, ambaye mwanawe niliwahi kumkamata na mkaa.

Tuliupiga moto mpaka ukalala. Nikamshukuru, machozi yananitoka, nikasingizia moshi.

"Usijidanganye, Serikali," akasema. "Hatukuja kwa ajili yako. Asali inayosomesha watoto wetu imo humu. Maji ya bustani zetu yanatoka humu."

Kisha akaangalia chini.

Visiki. Vingi, vibichi bado. Alama za matairi ya lori. Nyati hata kinyesi hakuna.

Miti ile ilikuwa inasubiri kuuzwa kwa kibali: serikali ipate ushuru, kijiji kipate mgao wa kumalizia zahanati. Kumbe ilishauzwa kwa siri, na moto ukawashwa kufuta ushahidi.

Geti la bondeni lina funguo mbili. Mmoja ninao mimi. Wa pili anao bosi.

Nikampigia. Hakukana.

"Mdogo wangu," akasema kwa upole, "ukinitaja, utabaki na nani?"

Nilikaa na swali lile mpaka chai ikapoa. Kisha nikaenda polisi, nikamtaja.

Kilichonimaliza nilikisikia mahakamani, dereva wa lori alipotoa ushahidi. Walikuwa wanasomba magogo Jumapili. Wakati mimi na bosi tunakula na kucheka, lori linapita bondeni.

Hakuwa akinitembelea. Alikuwa ananilinda mimi, nisiulinde msitu.

Zahanati bado haina paa. Mama mfuga nyuki siku hizi anaitikia salamu yangu, basi, hatuvuki hapo.

Ndugu zangu, msitu ukiibwa, anaibiwa mgonjwa, mwanafunzi na hazina ya serikali kwa mpigo mmoja. Na mwizi haji na sura ya mwizi. Anatafuta mtu mwenye upweke, anakaa naye.

Kama una mtu wako analinda mali ya umma huko porini, mpigie simu leo. Muulize tu amekula nini.