Pole Iliyogeuzwa Sori

Waandishi wa kwanza niliowaona kwa macho yangu walikuwa Wakameruni, na niliwakuta wanagombana. Ilikuwa Jumapili mchana, mwaka 2015, katika nyumba moja ya Westerville, kaskazini mwa Columbus. Wa Kiingereza walikaa upande wa dirisha, wa Kifaransa upande wa televisheni, na katikati kulikuwa na sufuria ya mboga chungu iliyopikwa kwa karanga. Walikuwa wanabishana mwandishi halisi wa Kameruni aandike kwa lugha gani. Mmoja alisema Kifaransa ndicho chenye wasomaji. Mwingine alisema Kiingereza ndicho kilichoonewa. Wa tatu, aliyevaa skafu ndani ya nyumba yenye joto, alisema atakayekumbukwa ni yule atakayeandika kwa pijini ya sokoni, na maneno hayo aliyasema kwa Kiingereza cha mtangazaji wa redio. Mimi nilikuwa nakula. Kwa saa tatu nzima sikusikia hata mmoja akisema amesoma kitabu cha mwenzake. Debe tupu haliachi kuvuma, na mle ndani yalikuwa madebe kadhaa.

Nilifikaje huko? Niliishi Louisville, nikifanya kazi kwenye ghala la vifurushi, na mwenzangu wa kazini alikuwa binamu wa yule mwenye skafu. Alimwambia kwamba anafanya kazi na Mkongomani ambaye mama yake ameteremka milima ya Kivu ya Kusini kwa miguu. Mwenye skafu, ambaye sote tulimwita Prof ingawa sikuwahi kujua anafundisha wapi, alikuwa anatafuta mkimbizi wa kumwandikia kitabu. Alikuwa anamtafuta vile mtu anavyotafuta fundi wa mabomba.

Lazima niseme na hili, ingawa linaniuma. Siku ile alinipa kitabu chake cha kwanza, akikitoa kwenye boksi gerejini, na kitabu kilikuwa kizuri. Kilihusu milima ya kwao, mwalimu mmoja mlevi na mke wake mwenye akili. Nilikisoma Louisville wakati wa mapumziko, kamusi ikiwa kwenye simu, nikacheka peke yangu mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama ninaumwa. Humo kila mtu alikuwa akisema "ashia". Mwenye mzigo wa kuni aliambiwa ashia. Aliyefiwa, ashia. Aliyepanga foleni hospitalini tangu asubuhi, ashia. Nikajiambia, kumbe na hawa wana pole yao. Kwa ajili ya neno hilo moja nilikubali kumpeleka Buffalo kwa Mama.

Mama aliishi West Side, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, pamoja na dada yangu na binti wa dada yangu. Tulikaa jikoni. Prof aliweka simu mezani ili irekodi, nami nikamshauri tutumie Kifaransa, maana sekondari nilimaliza kwa Kifaransa, na Kiingereza changu nilikiokota kambini na ghalani. Alikataa. Alisema Kifaransa kimewatesa watu wake, hakitaingia kwenye kazi yake. Basi, kwa heshima ya msimamo wake, maisha ya mama yangu yalipitia kwenye Kiingereza changu, ambacho siku hizo kilitosha kusema inua, simama, angalia, boksi hili limevunjika.

Mama alisimulia bila haraka, huku akichambua maharage. Baba alikuwa ameuawa, na siku ya nne ya kutembea walifika kwenye kizuizi. Aliyekuwa analinda kizuizi alikuwa mmoja wa kundi lililomuua Baba.

"Ile askari alikuwa na jino inamuuma," Mama alisema. "Shavu imevimba vile, hata mate haiwezi kumeza. Bon, mi nikamuangalia, nikamuambia, pole, mwanangu. Donc, akafungua njia, tukapita na masufuria yetu."

Nikatafsiri. Prof aliandika kitu kwenye daftari lake, akafunga macho kama mtu anayeonja supu. Mimi nikarudi Louisville.

Mwaka uliofuata kitabu kilitoka. Kanisa la Mama lilitoa ukumbi wake huko Black Rock, Buffalo, watu wakaja na maandazi, na Prof akaja na skafu mpya. Alisoma kwa Kiingereza, aya moja moja, nami nikimfuata kwa Kiswahili kwa ajili ya wazee. Alipofika kwenye kizuizi, alisoma kwamba mwanamke yule alipiga magoti matopeni mbele ya muuaji wa mumewe na kusema: sori, sori.

Kwanza, magoti. Mama alikuwa na sufuria kichwani na mtoto mgongoni, angepigaje magoti? Magoti hayo Prof aliyatunga mwenyewe, chini ya skafu yake. Lakini hiyo sori ilinishtua zaidi. Mdomo wangu ukafanya kazi wenyewe. Nikasema, "Akamwambia, pole, pole." Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mama akatabasamu. Nikadhani nimeokoa jahazi.

Nilisahau watoto. Binti wa dada yangu alikuwa ameketi karibu na Mama, na yeye kitabu alikisikia kwa Kiingereza, bila mimi kumfikishia. Akasimama, akamwambia Mama kwa Kiingereza hichohicho, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, kwamba yule mtu anadanganya, ameandika kwamba Koko, yaani bibi yake, aliwaomba msamaha wale watu.

"Anasema nini?" Mama aliniuliza.

Mkalimani nilikuwa mimi. Nikamwambia.

Kwetu, mjane anayewaomba msamaha waliomuua mumewe anakuwa kama amekubali kwamba marehemu alistahili kufa. Mama ndiye aliyekuwa anaongoza maombi ya wajane kila Jumatano. Mmoja wao, rafiki yake tangu kambini, alimsogelea na kumuuliza taratibu, "Mama, ni kweli ulibaomba musamaha?" Jumatano hiyo maombi yakaongozwa na mwingine.

Siku ileile ya usomaji nilimfuata Prof jikoni mwa ukumbi, hasira zimenipanda mpaka masikioni. Nilimwambia amemvua mama yangu nguo mbele ya watu. Nilimwambia wao waandishi ni hodari wa kugombania lugha na hawajui kusikiliza hata moja. Aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi. Halafu akatoa simu, akatafuta, akaniwekea sikioni.

Nilisikia maharage yakidondoka kwenye bakuli. Nikamsikia Mama akisema, pole, mwanangu. Nikasikia mwanamume mwenye Kiingereza cha ghalani akisema, bila hata kusita: mama yangu alimwambia sori.

Nyani haoni kundule. Nilisimama pale na simu sikioni, nikiichukia sauti yangu.

"Kwenu mtu mwenye jino bovu mnamwambiaje?" nilimuuliza mwishowe.

"Ashia," alisema, kabla hajafikiri.

Tukatazamana.

"Mbona hukuandika hivyo?"

"Ndugu yangu, wewe ulisema sori. Na wasomaji wa hapa wasingeielewa ashia."

"Kitabu chako cha kwanza kimejaa ashia."

"Kile hakuna aliyekisoma."

"Nimekisoma mimi," nikamwambia. Aliinamisha kichwa, akaanza kukunja skafu yake. Nilimdharau, tena sana: mtu aliyezaliwa na neno mdomoni, akalitema ili apate kusomwa. Mimi angalau nilitema la kwetu kwa ujinga. Ila aibu ilikuwa kwa Mama, na Mama hakuwa ametema kitu.

Jumapili iliyofuata, kabla ya kurudi Louisville, nilimwomba mchungaji nafasi kabla ya matangazo. Nikasimama mbele ya kanisa, nikaeleza habari ya jino, ya sufuria kichwani, na ya sori, nikasema sori ilikuwa yangu mimi. Wajane walicheka mpaka wakafuta machozi. Jumatano Mama akarudi mahali pake. Prof aliahidi kurekebisha toleo la pili, na mpaka leo sijaliona.

Mama hakunigombeza. Aliacha tu kuniita. Zamani kila barua, kila miadi, alikuwa ananipigia simu Louisville nimtafsirie. Simu zikakatika. Nilipokwenda Buffalo likizo, nikamkuta ana miadi kwa daktari wa meno, nikajitolea. Alikubali nimwendeshe. Kule ndani alimwambia muuguzi kwa ishara kwamba anataka mkalimani wa simu. Nilikaa kwenye viti vya wagonjwa, na kupitia mlango ulioachwa wazi nikasikia mwanamke wa mbali, mwenye Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka, akimfikishia mama yangu maneno ambayo ningeweza kuyafikisha mimi.

Alitoka na pamba mdomoni, shavu limevimba.

"Pole, Mama," nikamwambia.

Akasogeza pamba kwa ulimi ili aweze kusema.

"Hiyo ni ya Kiswahili ao ya Kizungu?"

"Zote mbili, Mama."

Akanipa mkoba wake nimbebee.